Saifa nzuri, hashi mbovu: nani ashike ufunguo wa daftari la kahawa?

Leo sihakiki kitabu wala makala ya jarida. Nahakiki wazo, tena wazo linaloonekana la busara kabisa mpaka ulisogelee. Linasema hivi: "AES ni imara, dunia nzima inaitumia, basi tuichukue tutengenezee muhuri wa kulinda kumbukumbu za wakulima." Ukiwa unasoma kompyuta, huenda umeshalisikia kwenye semina au kwenye pendekezo la mradi. Ukiwa husomi kompyuta, usiondoke. Hesabu tutakazofanya hapa ni za kujumlisha na kutofautisha tu, na kinacholindwa ni kilo za kahawa za mtu.

Mita na daftari

Tuanze na kitu ambacho nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa zenye umeme zinakijua. Uniti zimeisha, unanunua LUKU kwa simu, zinakuja tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Mita imejuaje kwamba tarakimu zile zimetoka kweli TANESCO na hazikutungwa na kijana mjanja wa mtaani?

Kwa saifa ya bloku. Saifa ni kanuni ya kusimba ujumbe kwa kutumia ufunguo wa siri, ili asiye na ufunguo asiuelewe na mwenye nao aweze kuusimbua. Ya bloku inafanya kazi hiyo kwa vipande vya ukubwa uleule. Ndani ya tarakimu zile 20 kuna kipande kimoja cha biti 64 kilichosimbwa, chenye kiasi cha umeme na muda ilipotolewa tokeni, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993. Hesabu hiyo ya dakika ilipewa nafasi ya biti 24, ambazo hujaa baada ya dakika 16,777,216. Ndiyo maana wateja waliombwa kuingiza tarakimu za ziada kwenye mita kabla ya 24 Novemba 2024: saa ilikuwa inajaa, na funguo nazo zilikuwa zinabadilishwa.

La kukumbuka hapa ni moja. Katika LUKU ufunguo uko sehemu mbili tu, ndani ya mita na kwenye mfumo wa mwenye umeme. Anayeweza kutaka kudanganya, yaani mtu aliye ndani ya nyumba, hana ufunguo. Saifa iliundwa kwa ajili ya hali kama hiyo.

Sasa tuhamie kwenye kahawa. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipojitenga mwaka 2012, lakini wakulima wa pande zote mbili bado wanahudumiwa na chama kikuu kimoja cha ushirika, KDCU. Mkulima anakausha kahawa, anaipeleka AMCOS ikiwa na maganda, inapimwa, anapewa stakabadhi, halafu anasubiri malipo. Kati ya siku ya mizani na siku ya pesa kuna muda, na katika muda huo gunia limeshaondoka. Kilichobaki cha mkulima ni maandishi.

Maandishi hayo siku hizi yanasafiri mbali. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu inamtaka anayeingiza kahawa Ulaya aonyeshe ilikotoka, hadi kwenye shamba lenyewe, na kwamba shamba hilo halikutokana na msitu uliofyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Kwa hiyo kumbukumbu moja inaweza kuguswa na karani wa AMCOS, mtu wa chama kikuu, msafirishaji na mnunuzi, na kila mmoja wao ana sababu ya kumwekea mwenzake alama ya kuuliza.

Hapa hatuna rafiki mmoja wa kumkabidhi ufunguo. Ukimpa karani, ndiye anayeweza kubadilisha. Ukimpa chama kikuu, mkulima atahakikishaje? Tunachohitaji ni muhuri ambao yeyote anaweza kuukokotoa, bila siri yoyote, na bado asiweze kuughushi. Kitu hicho kinaitwa hashi. Unaipa data ya urefu wowote, inakurudishia muhtasari mfupi wa urefu uleule kila mara. Ukibadilisha herufi moja, muhtasari unabadilika wote. Na isiwezekane, kwa nguvu ya kompyuta tuliyonayo, kupata data mbili tofauti zenye muhtasari mmoja. Hilo la mwisho likitokea tunaliita mgongano.

Kabla sijaendelea, niseme jambo linaloniudhi: maandishi mengi ya Kiswahili huiita hashi "usimbaji". Si usimbaji. Kilichosimbwa husimbuliwa na mwenye ufunguo. Hashi haina ufunguo wala haina kurudi. Kosa la jina linazaa kosa la muundo, kama tutakavyoona.

Muundo wa kwanza: muhuri wa bloku ya mwisho

Mwandishi wa wazo letu anaanza hivi. Anachukua AES, anaweka ufunguo unaojulikana na wote, tuseme sufuri tupu, ili kila mtu aweze kuhakiki. Anakata daftari kuwa bloku za baiti 16. Anasimba ya kwanza. Matokeo yake anayachanganya na bloku ya pili kwa XOR, anasimba tena, na kuendelea hadi mwisho. Bloku ya mwisho iliyotoka ndiyo muhuri.

XOR ni operesheni ndogo tu: biti zikifanana unapata 0, zikitofautiana unapata 1. Sifa yake kubwa ni kwamba inajifuta. Ukichanganya kitu mara mbili, umerudi ulipoanzia.

Lazima nimtendee haki mwandishi. Kishawishi chake kina mantiki. Vifaa vidogo, kwa mfano mizani ya kidijitali yenye kichakata cha bei nafuu, mara nyingi vina AES tayari ndani ya chipu, na nafasi ya programu ni finyu. Kutumia tena kilichopo ni uhandisi mzuri. Na muundo wenyewe, ufunguo ukiwa wa siri na urefu wa ujumbe ukidhibitiwa, ni njia halali ya kuthibitisha ujumbe kati ya watu wawili wanaoaminiana.

Lakini ufunguo wetu si wa siri. Tuseme bloku ya tatu ndiyo yenye kilo 480 za mkulima, na ya nne ni sehemu ya maoni. Mtu anabadilisha 480 kuwa 180. Matokeo ya bloku ya tatu yanabadilika, sawa. Lakini kwa kuwa ufunguo uko wazi, anayakokotoa mwenyewe yale mapya, anatafuta tofauti kati ya ya zamani na mapya kwa XOR, kisha anaiingiza tofauti hiyo kwenye bloku ya nne. Inapofika zamu ya kuchanganya, tofauti inajifuta. Kuanzia hapo hadi mwisho kila kitu kinakwenda kama zamani, na muhuri ni uleule. Kwenye maoni patakuwa na herufi 16 zisizosomeka, na nani anayesoma sehemu ya maoni? Kazi nzima haihitaji kompyuta kubwa. Simu ya kawaida inatosha.

Kilo 300 zimepotea, na muhuri unaapa kwamba hazijapotea. Hapo ni afadhali usingekuwa na muhuri kabisa, maana daftari la wino angalau linaonyesha lilipofutwa.

Muundo wa pili: ujumbe uwe ufunguo

Mwandishi akionyeshwa tundu hilo, kwa kawaida anageuza meza. Badala ya ufunguo mmoja ulio wazi, anasema, kila kipande cha daftari chenyewe kiwe ufunguo. Tuna thamani ya kuanzia. Tunaisimba kwa kipande cha kwanza, tunachopata tunakisimba kwa kipande cha pili, na kuendelea. Wazo hili si la kitoto. Michael Rabin alilipendekeza mwaka 1978, wakati saifa iliyotawala ilikuwa DES.

Tatizo ni kwamba saifa imeumbwa irudi nyuma. Anayelijua daftari anazijua funguo zote, kwa hiyo anaweza kutembea kutoka mwanzo kwenda mbele na pia kutoka kwenye muhuri kurudi nyuma. Mghushi anaandaa matoleo mengi ya nusu ya kwanza ya daftari la uongo na kuyapeleka mbele. Anaandaa matoleo mengi ya nusu ya pili na kuyarudisha nyuma kutoka kwenye muhuri anaoutaka. Kisha anatafuta pale yanapokutana katikati, kama vikundi viwili vinavyochimba barabara, kimoja kikitokea Kayanga na kingine Murongo. Kwa bloku ya biti 128, kazi iliyopaswa kuchukua majaribio kama 2¹²⁸ inashuka hadi kama 2⁶⁴. Usifikiri umegawa kwa mbili tu: umegawa kwa 2⁶⁴ nzima.

XOR moja iliyookoa jahazi

Dawa yake ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Baada ya kusimba, changanya matokeo na kile ulichoingiza. Yaani: thamani mpya ni saifa ya thamani ya zamani, XOR thamani ya zamani yenyewe. Muundo huu unaitwa Davies–Meyer, kwa majina ya Donald Davies na Carl Meyer.

Kwa nini unafanya kazi? Jaribu kurudi nyuma. Unayo thamani mpya na ufunguo unaujua. Ili usimbue, unahitaji kwanza kuondoa ile XOR. Ili uiondoe, unahitaji thamani ya zamani. Lakini thamani ya zamani ndiyo unayoitafuta! Mlango umefungwa, na ufunguo umeachwa ndani.

Je, hii ndiyo njia pekee? Mwaka 1993 watafiti watatu wa Ubelgiji, Preneel, Govaerts na Vandewalle, walipanga njia zote za msingi za kuunganisha saifa, ujumbe na thamani ya zamani kwa XOR. Walipata 64. Zilizosimama imara zilikuwa 12. Mwaka 2002 Black, Rogaway na Shrimpton wakatoa uthibitisho wa kihisabati kwa hizo 12, na kuonyesha kwamba nyingine 8 nazo zinafaa zikitumika ndani ya mnyororo kamili. Hebu zitazame namba hizo: ukichagua kwa kubahatisha, kuna 44 kati ya 64 za kukuangusha. Anayesema "nimeunganisha tu AES kwa akili zangu" anacheza bahati nasibu ambayo tiketi nyingi ni za kukosa.

Hata Davies–Meyer ina kovu lake. Ni rahisi kupata hali ambapo thamani mpya inabaki sawa na ya zamani, kana kwamba ule ukurasa haukuwepo. Ndiyo maana urefu wa ujumbe wote huandikwa kwenye kipande cha mwisho, ili aliyechomeka ukurasa ajulikane kwa hesabu ya kurasa.

Sharti lililojificha ndani ya uthibitisho

Hapa ndipo penye ukosoaji wangu mkubwa. Uthibitisho wa mwaka 2002 una sharti: unachukulia saifa kuwa kamilifu, yaani kila ufunguo unatoa mchanganyo wake usio na undugu wowote na wa ufunguo mwingine. Saifa halisi haikuahidi hivyo. Iliahidi kwamba ukichagua ufunguo mmoja kwa kubahatisha na kuuficha, hakuna atakayejua ndani kuna nini.

Tofauti hiyo inaonekana ya kinadharia mpaka uone TEA. Hii ni saifa ndogo, nzuri kwa macho, iliyotolewa mwaka 1994 na David Wheeler na Roger Needham wa Cambridge. Ina ufunguo wa biti 128, lakini kila ufunguo una ndugu zake watatu wanaofanya kazi sawasawa na wenyewe: ukigeuza biti mbili mahususi kwa pamoja, hakuna kinachobadilika. Kwa usiri, hasara ni ndogo, kana kwamba ufunguo ni wa biti 126. Nani ajali?

Microsoft walijali, lakini wakiwa wamechelewa. Katika toleo lililorekebishwa la mashine ya michezo ya Xbox, mwaka 2002, walitumia TEA kama hashi ya kuhakiki programu ya kuwashia mashine. Katika hashi ya aina hiyo ujumbe ndio ufunguo. Basi wale ndugu watatu wakageuka kuwa migongano ya bure. Wadukuzi walibadilisha biti mbili kwenye programu, hashi ikabaki ileile, mashine ikafunguka. Hawakuivunja TEA. Walisoma tu udhaifu uliokuwa umeshachapishwa miaka ya nyuma.

Usiseme TEA ni kachezeo na AES ni jambo lingine. Mwaka 2009 Biryukov, Khovratovich na Nikolić walionyesha kwamba AES-256 ina tabia zisizotakiwa pale mshambuliaji anapoweza kuchagua funguo zenye uhusiano, na kwamba ndani ya Davies–Meyer haiendi kama saifa kamilifu. Kwa siri zako za benki hilo halina shida, maana hakuna anayekuchagulia ufunguo. Kwenye hashi, anayechagua ujumbe ndiye anayechagua ufunguo, na anayechagua ujumbe anaweza kuwa ndiye mwizi.

Sentensi hiyo ndiyo ningependa uondoke nayo. Katika saifa, ufunguo uko mikononi mwa rafiki. Katika hashi, uko mikononi mwa adui. Chombo kilichopimwa kwa hali ya kwanza hakijapimwa kwa ya pili.

Na ukubwa je?

Kuna kosa moja dogo ninalokutana nalo mara kwa mara: "tumetumia AES-256, kwa hiyo hashi yetu ni ya biti 256." Hapana. 256 ni urefu wa ufunguo. Bloku ya AES ni biti 128 siku zote, na muhuri wa moja kwa moja utakuwa biti 128.

Biti 128 zinaonekana nyingi, lakini migongano inafuata hesabu ya siku za kuzaliwa: darasani wakiwepo wanafunzi 23 tu, uwezekano kwamba wawili wamezaliwa tarehe moja unazidi nusu. Kwa muhuri wa biti 128, mgongano unatarajiwa baada ya majaribio kama 2⁶⁴, yaani takriban 18 ikifuatiwa na sufuri 18. Ni namba kubwa, ila si ya hadithini. Mwaka 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa faili mbili tofauti za PDF zenye muhuri mmoja wa SHA-1, kwa kazi iliyokaribia 2⁶³. Kampuni kubwa inaimudu kazi hiyo, na vifaa vinazidi kushuka bei.

Basi wazo lilikuwa baya?

Hapana, na hapa ndipo panapopendeza. SHA-256, hashi inayotumika karibu kila mahali leo, ndani yake ni saifa ya bloku iliyofungwa kwa Davies–Meyer, isipokuwa XOR imebadilishwa na kujumlisha. Bloku yake ni biti 256, ufunguo wake biti 512, na mizunguko 64. Helena Handschuh na David Naccache waliitoa saifa hiyo nje ya hashi, wakaipa jina SHACAL-2. Tofauti na muundo wa mwandishi wetu ni kwamba saifa hii ilitengenezwa tangu mwanzo ikijua kwamba adui atashika ufunguo, na bloku yake ikapewa upana unaotosha. SHA-3, iliyotangazwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2015, ilikwenda mbali zaidi ikaachana na ufunguo kabisa.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa wazo la "AES kwa daftari la kahawa" ni hii. Nia ni sahihi na malighafi ni nzuri, ila kazi haijakamilika. Tumia SHA-256 iliyokwisha andikwa na kukaguliwa. Ikiwa kifaa chako kweli hakina kingine ila AES, ipo miundo iliyochapishwa ya kutoa muhuri wenye upana maradufu, kama ule wa Shoichi Hirose wa mwaka 2006. Uufuate herufi kwa herufi, usiongeze chumvi yako, na usisahau onyo la 2009.

Muhuri ukishapatikana, usifungiwe kwenye seva. Muhtasari wa SHA-256 ukiandikwa kwa tarakimu na herufi za kompyuta una nafasi 64. SMS moja inabeba 160. AMCOS inaweza kufunga daftari kila jioni kwa muhuri unaomeza ndani yake muhuri wa jana, ikaubandika kwenye ubao wa matangazo na kuutuma kwa wanachama. Baada ya hapo, atakayegusa kilo za mwezi uliopita itabidi abadilishe pia mihuri yote iliyofuata, pamoja na ile iliyo kwenye simu za watu wa Nkwenda, Kaisho na Nyaishozi. Hakuna siri ya kulinda, hakuna ufunguo wa kumkabidhi mtu.

Lakini tusiuze dawa isiyokuwepo. Muhuri unalinda kilichoandikwa, haulindi ukweli wa kilichoandikwa. Mizani ikipunja, hashi itaihifadhi punjo hiyo kwa uaminifu mkubwa. Na mkulima aliyeuza kahawa yake kwa butura ingali maua mtini, kwa bei ya shida, hana kilo za kuwekewa muhuri. Mambo hayo yanahitaji wakaguzi wa vipimo na mikopo ya haki.

Ukikutana tena na pendekezo lenye maneno "tumetumia AES kuhakikisha data haibadiliki", uliza mambo matatu: ufunguo anao nani, muhuri una biti ngapi, na ule muundo ni upi kati ya 64. Mwenye pendekezo akijibu yote matatu bila kusita, mpe kiti. Akisita, mwombe arudi mezani kabla kahawa ya watu haijaingia kwenye mfumo wake.